Mkwe Mwenye Runinga

Mama Maziwa alikuwa na dharau ya kuwatosha watu wa mtaa mzima na bado ikabaki ya kesho. Hakuwa mchoyo nayo. Alimdharau muuza pumba kwa sababu pumba zake zilikuwa na vumbi. Alimdharau dereva wa gari la maziwa kwa sababu alichelewa, na siku dereva alipowahi, akamdharau kwa kuwa na haraka. Lakini dharau ile iliyoiva, ile ya kuandaliwa mgeni, aliitunza kwa mtu mmoja tu: mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, daktari wa mifugo.

Kosa la mkwe lilikuwa dogo na halikusameheka. Siku alipokuja kujitambulisha alivaa viatu vyeupe. Alipokaribishwa kuona zizi alisimama mlangoni, akachungulia, akasifu, asikanyage ndani. Miaka minne ilishapita, viatu vyenyewe vilishachakaa na kutupwa, lakini mdomoni mwa Mama Maziwa vilikuwa bado vipya na vinang'aa. Halafu, kana kwamba viatu havikutosha, mkwe akanunua mashine. Ilikuwa kisanduku chenye kioo, cha kuning'inizwa kifuani kwa mkanda, na waya mrefu ambao mwisho wake ulikuwa na kidude mfano wa kipande cha sabuni kilichokwisha nusu. Kidude kile alikiingiza nyuma ya ng'ombe kwa mkono, kikatuma picha za tumboni, naye akazisoma kwenye kioo. Tangu siku hiyo Mama Maziwa hakumwita tena kwa cheo wala kwa undugu. Alimwita Runinga.

"Wakwe wa wenzangu wanatazama taarifa ya habari," aliwaambia wateja wake, "wangu anatazama matako ya ng'ombe."

Wateja walicheka, maana maziwa yake yalikuwa mazuri na hakuna aliyetaka kunyimwa.

Na kwa haki yote, zizi lake lilikuwa zizi. Ng'ombe kumi na mmoja, sakafu ya saruji iliyochorwa mistari ili kwato zisiteleze, mfereji wa mkojo uliokwenda moja kwa moja hadi shimo la samadi, na ukutani ubao mweusi wenye majina ya ng'ombe na tarehe za kupandishwa na kuzaa. Alilianzisha na marehemu mumewe, na miaka tisa iliyopita akabaki nalo peke yake. Watu walisema litakufa. Halikufa. Ukitaka kujua dharau yake ilitoka wapi, ilitoka hapo: kila aliyemwambia hutaweza alikuwa amemwona akiweza.

Katika ng'ombe wote kumi na mmoja, jicho lake lilikuwa kwa Zabibu. Zabibu alikuwa wa mwisho katika ukoo wa ng'ombe wa kwanza kabisa, yule ambaye marehemu alimleta nyumbani akimvuta kwa kamba, siku nzima kwa miguu. Ukoo huo ulikuwa umebaki kwenye uzi mmoja, kwani Zabibu alizaa mara tatu, na mara zote tatu akazaa dume. Alipoingia joto la kutaka dume baada ya uzazi wa tatu, Mama Maziwa alimwita mpandishaji akamwambia safari hii alete mbegu teule, ile ya majike matupu. Mbegu ikawekwa. Siku zikapita, Zabibu hakurudi kwenye joto. Mpandishaji akaja, akaingiza mkono, akatabasamu, akaenda ubaoni na kuandika kwa chaki, mbele ya jina la Zabibu: ANA MIMBA. Mama Maziwa alikuwa akipita pale kila asubuhi na kuyasoma maneno hayo mawili kama barua.

Mpandishaji huyo watu walimwita Mkono. Alikuwa mnene, mwenye suti ya kazi ya buluu na sauti ya mtu aliyezoea kuaminiwa. Miaka ishirini na sita alikuwa akipandisha ng'ombe na kupima mimba kwa vidole vyake, na hakuna siku aliyosema sijui. Mama Maziwa alimheshimu. Alikuwa karibu mtu pekee aliyemheshimu, na hiyo, ukiitazama vizuri, ilikuwa namna nyingine ya kuwadharau wengine wote.

Siku ya mia moja tangu mbegu iwekwe, binti alikuja kusalimia. Akamwona Zabibu, akasimama. Manyoya yamesimama, mgongo umekonda, maziwa yamepungua hadi nusu ya ndoo. Akamsihi mama yake amruhusu mumewe aje kumpima. Mama Maziwa alifikiri kidogo, kisha akakubali kwa moyo mkunjufu hadi binti akashangaa. Hakujua kwamba mama yake alikuwa ameona nafasi. Ilikuwa mara ya kwanza Runinga kuitwa kufanya kazi ndani ya zizi lile, na ingekuwa ya mwisho. Mama Maziwa akamwalika na Mkono, siku ileile na saa ileile, kama mtu anavyoalika shahidi.

Asubuhi hiyo alijifunga kitambaa chake cha kichwa, kile cha kijani chenye maua ya manjano, ambacho pembe yake moja ilikuwa imepungua akaipinda na kuishona kwa uzi mweusi. Hicho ndicho kilichokuwa kitambaa chake cha zizini. Mkwe alikuja na buti za mpira hadi magotini. Akaamkia, akaitikiwa kwa kidevu.

"Leo umekuja na viatu vya watu," Mama Maziwa alisema.

"Ndiyo, mama," alijibu mkwe, akaanza kuvaa glavu ya plastiki iliyofika begani.

Zabibu alikuwa amesimamishwa kati ya mabomba mawili ya chuma ili asigeuke. Mkono aliomba atangulie, kwa heshima ya umri. Akapaka sabuni, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatazama dari huku akisikiliza kwa vidole. Akaanza kuwasimulia mambo ya harusi ya mwanawe. Kabla harusi haijafika ukumbini, alitoa mkono.

"Miezi mitatu na ushei, dada yangu. Mfuko umejaa, umeshuka, unacheza kama mpira wenye maji. Mashine ya nini hapa?"

Mama Maziwa alimtazama mkwe wake kama mtu anayesubiri mwenzie alipe.

Mkwe hakubisha. Alisema angependa kwanza kumpima ng'ombe mwingine mwenye mimba isiyo na shaka, ili mama aone tofauti kwa macho yake. Wakamleta Mbaazi, aliyekuwa na mimba ya miezi mitatu. Mkwe akazoa kinyesi, akapaka jeli kwenye kile kidude, akazama nacho, akageuza kioo kumwelekea mama mkwe. Kwanza palikuwa na ukungu wa kijivu tu, na Mama Maziwa akaandaa neno la kusema. Kisha ukungu ukafunguka, likaonekana duara jeusi, jeusi safi, na ndani yake kitu cheupe chenye kichwa na safu ya mbavu. Katikati ya mbavu palikuwa na nukta iliyokuwa ikipiga, ikipiga, ikipiga.

"Huo ni moyo," alisema mkwe. "Ule weusi ni maji ya uzazi. Maji safi huonekana meusi hapa."

Mama Maziwa alikuwa amezalisha ng'ombe wasio na idadi na hakuwahi kuuona moyo wa ndama kabla ndama hajazaliwa. Alisogea karibu na kioo. Alikasirika kwa kuonekana akisogea mbele ya mtu yule, akasema kwamba hata kwenye runinga za dukani mambo huchezacheza. Mkono akacheka peke yake.

Kisha Zabibu. Mkwe alipima muda mrefu, bega limegusa mkia, jicho kiooni. Alipogeuza kioo, weusi haukuwepo. Palikuwa na mfuko mpana uliojaa kitu cha kijivu, kizito, chenye chembe nyeupe zilizokuwa zikizunguka polepole, mfano wa unga uliokorogwa kwenye maji na kuachwa. Hapakuwa na mbavu. Hapakuwa na nukta ya kupiga.

"Mama, hii si mimba. Ni usaha. Kizazi kimejaa usaha na mlango wake umefunga. Mwili umedanganyika, unadhani una mimba, ndiyo maana haingii joto. Na kwa vidole mfuko wenye usaha na mfuko wenye ndama inaweza kuwa sawasawa, hata mtu mzoefu hukosea."

Alisema maneno hayo ya mwisho akimtazama Mkono, kwa adabu. Mkono hakutaka adabu yake. Alisogea kwenye kioo, akakunja uso, na ghafla akagusa kwa kidole. Palikuwa na mstari. Katikati ya ule uji wa kijivu palikuwa na mstari mweupe, mfupi, uliokolea, uliojikunja upande mmoja.

"Na huu? Huu si mguu wa ndama? Mashine yako imeuona na wewe hujauona."

Mkwe alirudi kuutafuta, akaupata, akaupoteza, akaupata tena. Mwishowe alisema jambo ambalo Mkono hakuwahi kulisema kwa miaka ishirini na sita.

"Sijui ni nini. Si mfupa. Mfupa huacha kivuli nyuma yake, huu hauachi. Lakini sijui."

Hapo Mama Maziwa alipata alichokuwa amekialikia watu. Mtu amesoma miaka yote ile, amenunua kisanduku, amezamisha mkono hadi begani, ili aje kusema sijui. Alimwambia hivyohivyo, bila kupunguza. Akamwambia debe tupu haliachi kuvuma, na lake halikuwa debe tu, lilikuwa na kioo na waya. Mkwe alivumilia, akavua glavu, akaosha mikono, na alipomaliza akaeleza kinachoweza kufanyika. Ipo sindano moja. Ukiichoma, mlango wa kizazi hufunguka na usaha wote hutoka, na baadaye Zabibu ataweza kupandishwa tena. Lakini sindano hiyohiyo, ng'ombe akiwa na mimba, huitoa mimba.

"Kwa hiyo ukikosea?" aliuliza Mama Maziwa.

"Nikikosea nitakuwa nimemuua ndama wako."

"Na nisipokubali uchome?"

"Kizazi kitaoza. Utauza nyama."

Mkono akasema yeye asingemshauri hata adui yake achomewe ng'ombe sindano hiyo, akatafuta kofia yake, akaondoka kwa kuwa alikuwa na ng'ombe wengine wa kuwaambia wana mimba. Mama Maziwa akabaki katikati ya zizi, huku ubao, huku kioo. Ubaoni palikuwa na jike alilolingoja tangu uzazi wa kwanza wa Zabibu, ukoo mzima wa marehemu kwa maneno mawili ya chaki. Kwenye kioo palikuwa na uji.

Tungependa kusema kwamba elimu ilimshinda, au upole wa mkwe wake. Si kweli. Kilichomshinda ni jambo alilolijua yeye na hakulisema.

Miezi sita kabla ya siku hiyo, Zabibu alipozaa dume la tatu, kondo la nyuma lilikataa kutoka. Likaning'inia siku nzima. Wakati huo zizi lilikuwa na mkamuaji, mwanamume wa makamo aliyeitwa Kimya kwa sababu siku nzima angeweza kusema maneno manne, na mawili yakawa kwa ng'ombe. Kimya alisema tusilivute, mama, tumwite daktari. Daktari, maana yake Runinga. Mama Maziwa akauliza kama ng'ombe wake angoje hadi mwenye viatu vyeupe achague soksi. Akavua kitambaa kichwani, akakizungushia mkononi ili kondo lisimteleze, akazama hadi kwenye kiwiko na kuvuta. Alikuwa amefanya hivyo kwa ng'ombe wengine na alijivunia. Kimya aligeuka akatazama ukuta. Kitu kilikatika ndani, Mama Maziwa akaanguka chali kwenye mfereji wa mkojo na kondo mapajani, kitambaa nacho kimechanika pembe. Vyote vikatupwa shimoni, au alidhani vyote. Kitambaa akakifua, akakishona.

Siku ya kumi Kimya alimfuata. Ilikuwa asubuhi, gari la maziwa liko mlangoni, watu wamejaa na madumu yao.

"Mama," alisema, "Zabibu ananuka ndani."

Mbele ya watu wote wale. Mama Maziwa alimjibu kwamba kinachonuka ni yeye, na mikono yake, na mkia wa ng'ombe ambao alikuwa hauoshi. Akamfukuza palepale. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu, alikwenda hadi kituo cha kupokelea maziwa akawaambia wenye ng'ombe wote kwamba mikono ya Kimya ni michafu na inaharibu ng'ombe. Wiki iliyofuata harufu ikakata, ute mweupe mkiani ukakauka, na Mama Maziwa akasema mnaona, uchafu umeondoka na mwenyewe. Hakuna aliyempa Kimya ng'ombe wa kukamua tena. Alibaki kituoni akiosha madumu ya watu.

Sasa, akiwa amesimama mbele ya Zabibu, Mama Maziwa alisikia yale maneno matatu kana kwamba yamesemwa na ile mashine. Harufu haikuwa imeondoka. Ilikuwa imefungiwa mlango.

"Choma," alisema.

Mkwe alimtazama kuhakikisha, akachoma. Kisha akatoa daftari lake kubwa lenye karatasi ya kila ng'ombe, akaanza kuuliza. Uzazi wa mwisho lini. Ndama alitoka vizuri. Kondo la nyuma lilitoka lenyewe?

"Halikutoka."

"Nani alilivuta?"

Swali lilikuwa dogo, na mkwe hakuinua hata kichwa. Angeweza kumjibu ukweli. Zizini walikuwa wawili tu na ng'ombe.

"Kimya," alisema Mama Maziwa. "Ndiyo maana nilimfukuza."

Kalamu ikaandika. Nyani haoni kundule, na akilionyeshwa huapa kwamba ni la jirani.

Siku mbili zilipita bila kitu. Mama Maziwa hakulala vizuri, na mchana alimzunguka Zabibu akiinua mkia na kuchungulia. Akakumbuka ule mstari mweupe. Kama ulikuwa mguu? Kama jike lilikuwa mle ndani, dogo, limejikunja, na yeye ndiye aliyesema choma? Alimtukana mkwe wake kimoyomoyo, lakini matusi yalikuwa yamepoa, hayakushibisha. Siku ya tatu asubuhi mkwe alikuja bila kuitwa. Alimkuta mama mkwe ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya ng'ombe, kama mtu aliyekaa kizuizini.

Zabibu aliinua mkia, akakaza, na usaha ukatoka. Ulitoka mwingi, mzito, wa manjano, ukajaa sakafuni na kufuata mistari ya saruji hadi mfereji. Harufu yake iliwafanya ng'ombe wengine wageuze vichwa. Ilikuwa ileile harufu, ya miezi sita iliyopita. Hapakuwa na mguu, hapakuwa na ndama. Mama Maziwa alishusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu juzi. Zabibu alikaza mara ya pili, na pamoja na mkupuo wa mwisho kikadondoka kitu kilichojikunja, cheusi, kidogo kuliko kiganja.

Mkwe alikiinua kwa glavu. Kwa furaha ya mtu wa kazi yake alisema huo ndio mstari, huo hapo, na akakipeleka bombani kukiosha. Maji yakapita. Weusi ukatoka, ukaja ukijani. Akakisugua kwa kidole gumba. Kwenye ukijani likatokea ua la manjano.

Mkwe alifunga bomba. Alikitazama kile kipande cha kitambaa, akainua macho kumtazama mama mkwe, na macho yakapanda hadi kichwani kwake, kwenye kitambaa cha kijani chenye maua ya manjano, kwenye pembe iliyoshonwa kwa uzi mweusi. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, na wanaposema hawafikirii nguo yenyewe.

Mbaazi alicheua. Mkwe alikikamua kile kipande, akakitandaza juu ya ukingo wa ubao, taratibu, kama mtu anayeanika kitu cha mwenzie.

"Mama," alisema mwishowe, "kwenye daftari niliandika Kimya. Naweza kuliacha hivyo. Tunajua wawili tu."

Alisema kwa upole, na ndio uliomuua. Mama Maziwa alikuwa amejiandaa kwa dhihaka. Dhihaka aliijua, ilikuwa mali yake, angeipokea na kuirudisha na chenji. Lakini mtu huyu, Runinga, mwenye viatu vyeupe, alikuwa amemtazama, akampima, na akahitimisha kwamba ukweli ungekuwa mzito kwake, kwa hiyo amsaidie kuuficha. Alikuwa akimwonea huruma. Hakuwa amewahi kudharauliwa hivyo maishani mwake, na mbaya zaidi, aliona kwamba ameyataka mwenyewe.

Alinyoosha mkono akaomba daftari. Akaomba na kalamu. Alilikata jina la Kimya kwa mistari miwili, na pembeni yake akaandika: MIMI. Kisha akavua kitambaa kichwani, akachukua na kile kipande ubaoni, na kwa kiganja akafuta maneno mawili ya chaki mbele ya jina la Zabibu. Mkwe alimuuliza anakwenda wapi. Hakumjibu kwa dharau. Alisahau tu kumjibu.

Kituo cha kupokelea maziwa asubuhi hujaa. Watu walikuwa kwenye foleni na madumu, dereva amekaa kwenye ngazi ya gari, Mkono yupo na suti yake ya buluu akimweleza mtu jambo bila shaka yoyote. Kimya alikuwa nyuma, kwenye beseni la saruji, ameinama juu ya dumu, brashi mkononi. Mama Maziwa alipita foleni kichwa wazi. Watu waliziona nywele zake kwa mara ya kwanza, zimejaa mvi, na mazungumzo yakapungua.

Alisimama mbele ya beseni. Palepale, kwa sauti ileile aliyoitumia miezi sita iliyopita, ili wale wote waliosikia lile wasikie na hili, alisema kwamba kondo la Zabibu alilivuta yeye. Kwamba Kimya alimkataza. Kwamba alichosema Kimya kuhusu harufu kilikuwa kweli, na alichosema yeye kuhusu mikono ya Kimya kilikuwa uongo. Akainua kitambaa na kipande chake, akavishikanisha pamoja, vikaingiana. Wale wa nyuma walinyanyua shingo ili waone. Mkono aligundua kwamba amechelewa mahali fulani.

Kimya hakuacha kusugua. Alisuuza dumu, akaligeuza, akalisimamisha kwenye chaga pamoja na mengine. Akachukua jingine. Mama Maziwa alingoja. Alikuwa hajawahi kungojeshwa na mtu aoshaye madumu, na alisimama pale maji yakimrukia miguuni hadi dumu la pili likaisha, na la tatu.

"Zabibu mzima?" aliuliza Kimya, bila kumtazama.

"Usaha umetoka leo. Daktari anasema atapona." Neno daktari lilitoka bila kutemwa. "Nimekuja kukuomba urudi."

Kimya alikausha mikono yake kwenye suruali, kidole kimoja baada ya kingine, mikono ile misafi kuliko yote katika kituo kizima, ndipo akamtazama.

"Nitarudi kwa ajili ya Zabibu," alisema. "Yeye hakunitukana."